Hukumu ya Barazani: Mashabiki wa Muziki na Nyimbo Mpya Tangu Enzi za Santuri

Wimbo mpya haukuwahi kupokelewa kimya katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki. Muda mrefu kabla ya kuwapo kanda na albamu, watu waliusikiliza kwa upande: waliokuwa wa chama cha mtunzi waliutetea, na wa chama pinzani wakautafutia kasoro na kutunga wa kuujibu. Ngoma ya beni, iliyozuka Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890 na baadaye kuenea Tanganyika, ilisimama juu ya utaratibu huo. Mombasa kulikuwa na Kingi na Skochi. Tanganyika ilikuwa na Marini na Arinoti, vyama vilivyopata wafuasi kuanzia bandarini hadi miji ya bara. Marini walijiona watu wa adabu na mavazi, Arinoti wakihesabiwa watu wa kazi za sulubu. Wanawake wa Mombasa nao walikuwa na ngoma zao za lelemama, na ushindani wa Ibinaal Watan na Banu Saada uligawa mitaa. Nyimbo za mashindano hayo zilijaa kejeli, na chama kilichokosa jibu kilionekana kimeaibika mbele ya mji mzima.

Beni ilififia, lakini ilirithisha tabia ambayo aina zote za muziki zilizofuata ziliikuta mahali pake. Msikilizaji wa Kiswahili huanza na maneno. Sauti nzuri humfurahisha, na ala zilizopangwa vizuri humwinua kitini, ila kwanza atauliza wimbo umesema nini, umemsema nani, na kama aliyesemwa ataweza kujibu. Atakayetaka kuelewa mabishano ya mashabiki wa leo hana budi kuanzia hapo.

Santuri ndiyo iliyoutoa wimbo kwenye uwanja wa ngoma na kuufikisha kwa watu wasiomjua mwimbaji. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, aliyewahi kuishi kwa kufinyanga na kuuza vyungu kabla ya kuhamia Ng'ambo, katika mji wa Zanzibar, alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Waliofuatana naye ni wanamuziki waliojulikana mjini, miongoni mwao Subeti bin Ambari, Maalim Shaaban, Budda Swedi na Mbaruk. Kabla ya hapo taarabu ya Zanzibar ilikuwa zaidi muziki wa kasri na wa vilabu vya wanaume kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, nayo iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili. Jambo hilo peke yake lilibadili idadi na aina ya watu walioweza kutoa maoni: mchukuzi, mpishi na mwanamke wa shamba sasa waliweza kuubishia wimbo neno kwa neno.

Gramafoni ilikuwa ghali, kwa hiyo watu wengi hawakuisikiliza nyumbani kwao. Ilisikilizwa mkahawani au kwa jirani mwenye nayo, na watu wamekaa pamoja. Upande mmoja wa santuri ya wakati ule ulichukua takriban dakika 3, ilhali wimbo wa taarabu katika usiku wa kawaida uliweza kuendelea mara kadhaa ya muda huo, mwimbaji akirudia beti na wapigaji wakijibizana. Aliyewahi kumsikia Siti nyumbani kwake Ng'ambo alijua kilichokatwa. Wa Tanga, Dar es Salaam au Mombasa alijua kilichobaki kwenye sahani tu. Hivyo kulikuwa na ngazi mbili za wajuzi: waliohudhuria na walionunua. Tofauti hiyo haijaisha hadi leo, na ndiyo inayomfanya mtu aliyekuwako ukumbini azungumze kwa uzito kuliko mwenye nakala.

Kilichojadiliwa zaidi ni maana. Nyimbo za Siti zilitaja mambo yaliyotokea mjini: hukumu za mahakama, wizi, ulevi, wanawake waliodhulumiwa. Wimbo wa Kijiti, unaosimulia mauaji ya mwanamke mgeni na muuaji aliyetoroka, ulisikilizwa na watu waliokuwa wakilijua tukio lenyewe. Kwao kuusifu au kuulaumu wimbo kulikuwa sawa na kutoa maoni juu ya mahakama ya kikoloni, jambo ambalo mtu wa kawaida hakuwa na mahali pengine pa kulifanya hadharani. Si ajabu kwamba Siti mwenyewe alipata wapinzani. Walimwimba kwa umaskini wa asili yake na kwa sura yake, naye akajibu kwa wimbo ulioweka akili juu ya uzuri wa uso. Shaaban Robert, katika Wasifu wa Siti binti Saad, aliuhifadhi mvutano huo kwa heshima kubwa. Kitabu hicho ni mfano wa mapema wa mwandishi mkubwa wa Kiswahili kukaa chini na kumpima mwanamuziki kwa maandishi, na hadi leo havijaandikwa vitabu vya kutosha vya kukifuata.

Vikundi vya taarabu vya wanawake vilivyoibuka Zanzibar baada ya Siti, vikiwamo Nuru el Uyun na Sahib el Ari, vilirudisha mashindano ya lelemama kwa sura mpya. Humo ndimo desturi ya kutunza ilimopata nguvu kama namna ya kutoa maoni. Msikilizaji huinuka, huenda polepole mbele na noti mkononi, na humtunza mwimbaji katika ubeti maalumu. Hatunzi wimbo wote; anatunza lile neno. Akiwa anamtazama jirani yake au mke mwenzake wakati anatoa pesa, ukumbi mzima umeshaelewa. Hakuna uhakiki ulio wazi kuliko huo, kwa kuwa mtoa maoni anajitambulisha, anagharamia anachosema, na aliyelengwa yupo palepale. Mashairi ya mafumbo yalistawi kwa sababu wasikilizaji walikuwa tayari kuyafumbua mbele ya watu.

Redio ilipoingia, baraza liliongezeka upana. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na baada ya uhuru ikawa, kwa hatua, Radio Tanzania Dar es Salaam. Muziki wa dansi ulikuwa umeshaota mizizi mijini. Morogoro ilikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz, ambayo baadaye ilimtoa Mbaraka Mwinshehe. Tanga ilikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Dar es Salaam ilikuwa na bendi nyingi zaidi. Karibu kila mji wenye bendi mbili ulikuwa na kambi mbili, na mtu aliweza kuhama nyumba asihame bendi.

Santuri za wakati huo zilikuwa ndogo, zenye wimbo mmoja uliogawanywa pande mbili. Upande wa kwanza ulibeba hadithi na maneno, wa pili ukaachiwa magitaa na wachezaji. Ugawaji huo ulizaa ubishi wa kudumu kati ya wanaopenda kusikiliza na wanaopenda kucheza. Zilichapwa Kenya kwa kiasi kikubwa: lebo ya Mzuri ilikuwa ya wafanyabiashara wa Mombasa, Assanand, na kampuni kubwa zilikaa Nairobi. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, bendi nyingi za Tanzania zilipoteza njia ya kawaida ya kufika kwenye studio na viwanda vya Nairobi hadi mpaka ulipofunguliwa tena mwaka 1983.

Hapo ndipo Radio Tanzania ikawa kila kitu. Bendi iliingia studio ya redio, ikarekodi nyimbo kadhaa kwa siku moja, na kanda zikabaki kwenye maktaba ya redio. Hapakuwa na kitu cha kununua dukani. Shabiki aliyeutaka wimbo aliusubiri hewani, kidole kikiwa kwenye kitufe cha radio-kaseti, akiomba mtangazaji asiongee juu ya mwanzo wake. Barua na kadi za maombi zilizotumwa kwenye vipindi vya salamu zilikuwa kura za wasikilizaji: wimbo ulioombwa kutoka Kigoma, Songea na Mwanza katika wiki moja ulikuwa umeshinda. Hali hiyo ilikuwa ya unyonge kwa wanamuziki, ambao malipo yao yalikuwa haba na hawakuwa na mauzo ya nakala, na hilo lisifichwe na utamu wa kumbukumbu za watu wa kizazi hicho. Kwa wasikilizaji, hata hivyo, ilileta jambo lisilopatikana tena, yaani nchi nzima kuusikia wimbo uleule, siku ileile, na kesho yake kuwa na jambo la kuzungumza kazini.

Hakuna ushindani uliolishwa zaidi na mazingira hayo kuliko ule wa Msondo na Sikinde. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikabadili jina kila chama kilipobadilika, JUWATA kisha OTTU, mpaka mtindo wake wa Msondo ukawa ndilo jina. Mlimani Park Orchestra ilianza mwaka 1978, na mwaka 1983 ikawa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Mtindo wake uliitwa Sikinde, jina lililotoka kwenye ngoma ya Kizaramo. Waasisi wake kadhaa, akiwamo Muhiddin Maalim Gurumo, walikuwa wametoka upande wa Msondo. Hassan Bitchuka, mwenye sauti nyembamba ambayo mashabiki waliitambua kwa neno la kwanza, alihama kati ya bendi hizo zaidi ya mara moja. Mwaka 1985 Gurumo na wenzake waliondoka tena kwenda Orchestra Safari Sound, walikoanzisha mtindo wa Ndekule.

Kuhama huko kuliwapa mashabiki kazi ngumu. Ilibidi waamue wanampenda mwimbaji au bendi, na wengi walichagua bendi. Mwimbaji aliyekuwa kipenzi jana aliitwa msaliti leo, na nyimbo alizoacha zikaimbwa na mwingine huku ukumbi ukilinganisha. Ulinganishaji huo ulikuwa wa kitaalamu kuliko unavyodhaniwa. Msikilizaji wa kawaida wa dansi alitofautisha gitaa la solo, la kati, rithimu na besi, akajua kama saksafoni zimepandana vizuri, na akaweza kusema ni Michael Enock au ni mwingine anayepiga. Kwa upande wa maneno, nyimbo nyingi za Sikinde zilitungwa kama visa kamili vyenye wahusika, kwa hiyo zilijadiliwa kama kesi. Neema, wa Cosmas Chidumule, uliendelea kuzungumzwa majumbani miaka mingi kwa sababu kila nyumba ilikuwa na mtu wa kufananishwa na wahusika wake. Watu waligombana juu ya nani ana makosa ndani ya wimbo, mke au mume, kana kwamba walikuwa majirani zao.

Jambo moja la kipindi hicho linastahili kutiliwa mkazo. Wimbo ulipigwa ukumbini kabla haujarekodiwa. Mashabiki wa DDC Kariakoo au wa kumbi nyingine za mji waliusikia ungali mbichi, na bendi ikaona wapi wachezaji wanainuka na wapi wanarudi mezani kwenye bia. Mashairi yaliongezwa, vipande vya magitaa vikarefushwa, na wimbo uliokosa mwitikio ukaachwa. Kwa hiyo maoni ya shabiki hayakuja baada ya kazi kukamilika, yalikuwa sehemu ya kuikamilisha. Albamu za baadaye, zilizotengenezwa studio na kutolewa zikiwa zimefungwa, ziliuondoa utaratibu huu, na muziki wa Tanzania ulipoteza kitu halisi hapo.

Miaka ya 1990 ilileta redio binafsi, Radio One ikianza mwaka 1994, na soko la kanda. Taarabu ndiyo iliyolitumia kwanza kwa kishindo. Tanzania One Theatre, TOT, na Muungano Cultural Troupe zilipambanisha Khadija Kopa na Nasma Khamis Kidogo, na mipasho, yaani nyimbo za kusemana, ikawa biashara. Kanda mpya ilinunuliwa asubuhi ili isikike kwa jirani mchana, spika ikielekezwa dirishani. East African Melody nayo ilipoingia sokoni, maneno ya nyimbo zake yaliandikwa kwenye khanga na kubandikwa kwenye daladala. Wazee wa taarabu asilia walilaumu kwamba fumbo limekufa na limebaki tusi. Lawama hiyo ina haki yake, ingawa aliyekumbuka kejeli za beni na za lelemama asingeshtuka sana.

Albamu kwa maana ya sasa, mkusanyiko wenye jina, picha ya jalada na mpangilio, ilizoeleka zaidi kwa mashabiki kupitia muziki wa kizazi kipya. Mr. II, ambaye baadaye alijulikana zaidi kama Sugu, alitoa Ni Mimi mwaka 1995, kisha Ndani ya Bongo na Niite Mr. II. Mwaka 2001 Profesa Jay alitoa Machozi, Jasho na Damu, yenye Ndio Mzee, wimbo wa mgombea anayeahidi kila kitu na kuitikiwa kila neno. Juma Nature alitoa Nini Chanzo na baadaye Ugali. Lady Jaydee alitoa Machozi, akaonyesha kwamba albamu nzima ya mwanamke anayeimba mwenyewe inaweza kusimama sokoni bila bendi nyuma yake.

Biashara ya kanda ilikuwa mikononi mwa wasambazaji wachache wa Kariakoo, na kwa kawaida hawakukubali albamu mpaka nyimbo zake mbili au tatu ziwe zimewika redioni. Kwa sababu hiyo shabiki alinunua kanda akizijua tayari nyimbo zake bora, na swali kubwa la kijiweni likawa zilizobaki. Je, ni nyimbo kweli au zimejazwa ili upande B usibaki mtupu? Mtu mmoja alinunua, kumi wakasikiliza, na kanda ikazunguka mtaani mpaka utepe ukachoka. Walioshindwa kununua walikwenda kwenye vibanda vya kurekodia, wakachagua nyimbo moja moja kutoka albamu mbalimbali. Kwa sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 huo ulikuwa wizi, na uliwaumiza wasanii. Ulikuwa pia uhakiki wa kikatili, kwa sababu orodha ya nyimbo zilizorekodiwa kibandani ilionyesha zipi zimependwa na zipi zimetupwa.

Pande nazo zilirudi zilezile. East Coast Team ya Upanga, akina Crazy GK, AY na Mwana FA, ilionekana kuwa ya watoto wa mjini waliosoma. TMK Wanaume wa Temeke walijitangaza kuwa sauti ya uswahilini. Anayekumbuka Marini na Arinoti ataona kwamba mgawanyo wa hadhi ulikuwa umerithiwa karibu kama ulivyo. Pamoja na hayo kulikuwa na ubishi mkubwa zaidi, kati ya vizazi: wapenzi wa dansi walisema vijana hawapigi ala, wanaongea juu ya mdundo wa kompyuta. Vijana walijibu kwa hoja ya maneno, kwamba nyimbo zao zinasema ukweli kuhusu ukimwi, ajira na viongozi. Kwa kipimo cha zamani cha Waswahili hoja hiyo ilikuwa nzito, nayo ndiyo iliyowashindia. Tuzo za muziki za Kilimanjaro, zilizoanza mwaka 1999, ziliongeza uwanja mwingine wa kuzozana, hasa mashabiki walipopewa nafasi ya kupiga kura.

Kanda na sidii zilipokufa mwishoni mwa miaka ya 2000, albamu ilikaribia kutoweka nazo. Wasanii walitoa wimbo mmoja mmoja pamoja na video yake, na mabishano yakahamia kwenye simu. Team Kiba na Team Diamond, yaani kambi za Alikiba na Diamond Platnumz, ziligawa mashabiki wa Tanzania na hata wa Kenya kwa ukali wa Msondo na Sikinde, bila ukumbi wa kukutania. Albamu ilirejea kwa nguvu baada ya Diamond Platnumz kutoa A Boy from Tandale mwaka 2018. Harmonize akafuata na Afro East mwaka 2020, na Alikiba na Only One King mwaka 2021. Lakini kipimo kilichotumika mara nyingi kilikuwa hesabu ya waliotazama na waliopakua, iliyosomwa saa chache baada ya kazi kutoka. Hesabu hiyo inamwambia mtu wimbo umefika wapi. Haimwambii umesema nini, na shabiki anayeitegemea peke yake amejishusha chini ya yule wa mkahawa wa Ng'ambo aliyekuwa na dakika 3 za santuri na usiku mzima wa kuzizungumza.

Kanda za Radio Tanzania zilirithiwa na Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, na zingalipo. Maoni ya waliozisikiliza hayakurekodiwa popote, isipokuwa machache yaliyopita magazetini. Waliocheza DDC Kariakoo wakiwa vijana mwaka 1983 sasa ni wazee wa miaka 60 na zaidi. Wanakumbuka nani alipiga gitaa gani, ubeti upi uliongezwa baada ya kupigwa ukumbini, na wimbo upi ulizomewa. Wanafunzi wa muziki na fasihi, na kila mwenye simu ya kurekodia, wawaendee wawaulize sasa.